Kibarua wa Mama Fomu

Asubuhi ya mwisho ya kawaida, Mama Fomu aliizunguka nyumba nzima akitafuta miwani, na miwani iko kichwani mwake. Alipekua chini ya mto. Akafungua friji. Mumewe, Mzee Kitasa, alikuwa mezani na kikombe chake, anamtazama. Alimwacha azunguke mara mbili ndipo akafungua mdomo.

"Mama, pandisha mkono."

Akapandisha, akaikuta.

"Umeiona tangu lini?"

"Tangu chini ya mto."

"Kumbe ndiyo maana nililihangaikia jicho lako, ili uje unifanyie hivi."

Akaivaa. Akanywa chai iliyopoa akiwa amesimama, maana kwake kukaa kulikuwa kwa ajili ya kazi. Akachukua mfuko wake wa karatasi, akaubamiza mlango kwa nguvu. Bila kuubamiza haukufungika. Mzee Kitasa alikuwa fundi kufuli mwaka wa arobaini na tano, na mji mzima ulibaki na kitasa kibovu kimoja, nacho cha kwake.

Adhuhuri moyo wa Mama Fomu ukasimama, pale pale kazini, kwenye kiti. Hilo halina maneno mengi. Lakini asubuhi ile Mzee aliiona yote, miwani, kikombe, hata uzi uliokuwa unachomoka kwenye mkono wa sweta yake. Aliiona kwa macho mawili. Na hilo la macho mawili lina kisa chake, na kisa ni cha Mama Fomu.

Kabla hajaitwa Mama Fomu alikuwa mpiga chapa wa ofisi ya ardhi. Miaka thelathini na mmoja alipiga taipureta, kisha kompyuta, vidole kumi, macho kwenye karatasi, hatazami vitufe. Alipostaafu alikaa nyumbani wiki tatu. Wiki ya tatu aliingia kwenye banda la mumewe, akazipanga funguo zake zote mia nne kwa alfabeti. Akabandika na vijikaratasi. Sasa Mzee Kitasa hakuingia shule. Herufi alizozijua ni zile za jina lake, alizofundishwa na huyo huyo mkewe baada ya harusi. Funguo zake alizijua kwa meno. Ilimchukua siku nane kuzirudisha zilivyokuwa.

Siku ya tisa alivaa shati safi, akaenda kwa Chapa.

Chapa alikuwa na duka la kutoa nakala ubavuni mwa zahanati. Mashine mbili za nakala, moja nzima, na nyingine alikuwa anaitengeneza tangu mwaka juzi. Kompyuta tatu. Harufu ya plastiki ya moto, kwa ajili ya vitambulisho anavyovitia ganda.

"Chapa, una meza tupu?"

"Ninayo, Mzee. Unataka kuweka funguo?"

"Nataka kuweka mke."

Ndivyo Mama Fomu alivyopata kazi ya pili, akiwa na miaka sitini. Meza kando ya dirisha, sifongo ya kulowesha kidole, stepla iliyofungwa kamba isije ikasafiri na wateja. Watu walimletea fomu zote za duniani. Fomu ya kuomba maji, ya mtoto kuhama shule, ya kubadilisha jina lililokosewa na ofisi nyingine. Alikuwa anamwuliza mtu maswali kama anapiga naye soga, na mtu akija kushtuka fomu imejaa. Wazee ndio waliompenda zaidi, kwa sababu hakuwapigia kelele masikioni. Alisema polepole tu, na kusubiri.

Halafu zikaja kadi za matibabu.

Tangazo lilibandikwa mlangoni mwa zahanati. Kila aliyetimiza miaka sitini na tano ajiandikishe kwenye mtandao. Usajili unafungwa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, saa kumi kamili jioni. Asiye na kadi hapasuliwi, anangoja usajili mwingine, na mwingine haukuwa na tarehe.

Mzee Kitasa alikuwa na miaka sabini na mmoja, na jicho la kushoto lilikuwa na mtoto wa jicho mweupe kama maziwa. La kulia lilianza kufuata. Kazi alikuwa anaifanya kwa masikio. Daktari alimwambia, jicho hilo linasafishika, lete kadi. Basi kadi ilikuwa ndiyo jicho.

"Mimi lini?" alimwuliza mkewe.

"Wewe uko nyumbani, hutoroki. Ngoja niwamalize wanaotoroka."

Kwenye foleni yake walikuwa wazee thelathini na wanane. Na ukurasa wenyewe ulikuwa na visa. Alimweleza Mzee jioni moja, Mzee akichonga ufunguo kwa tupa.

"Ni nyumba, Mzee wangu. Unafungua mlango unakuta chumba. Ndani ya chumba kuna chumba. Ndani ya hicho kuna kijichumba, na fomu ndiyo iko humo. Kila kimoja kinafunguka kwa wakati wake, kama watu waliogombana. Nikijaza nusu, cha ndani kinajifunga, vyote vinafutika, naanza upya. Mtu mmoja dakika arobaini."

"Aliyejenga hivyo alikuwa na akili zake?"

"Alikuwa na haraka. Kila mwaka waliongeza chumba badala ya kubomoa."

Hakuwa mtu wa kulalamika siku ya pili. Siku ya pili alikuwa anasoma. Alisoma mtandaoni kwamba kivinjari, ile programu ya kufungulia kurasa, kinakubali ukiwekee ndani amri zako chache za kuandika, na ukurasa ukifunguka amri zinaamka na kufanya kazi zenyewe. Wataalamu wanaziita skripti. Yeye alimwita kibarua.

"Naweka orodha ya majina, yeye anajaza."

"Anakula nini?"

"Hali."

"Basi Chapa asimjue, atatufukuza sisi wote."

Jumamosi na Jumapili alikuwa mezani na kompyuta yake kuukuu. Kibarua wa kwanza alikuwa kichekesho. Aliingia chumba cha nje, akasimama hapo hapo, na fomu iko ndani kabisa. "Yuko sebuleni anajaza hewa," Mama Fomu alisema. Ikabidi kila chumba kipewe kibarua wake. Wa nje ndiye aliyeshika orodha. Kazi yake ilikuwa kumpasia wa ndani taarifa za mtu mmoja mmoja, na wa ndani ajaze.

Ili kumjaribu, alihitaji taarifa za mtu. Akaandika za Mzee Kitasa. Majina yote matatu, tarehe ya kuzaliwa, nambari ya kitambulisho tarakimu zote, nambari ya simu. Hakumwuliza kitu. Akabonyeza, visanduku vikajaa vyote kwa mpigo kama taa za barabarani zinavyowaka. Akafuta, akajaribu tena. Wikiendi ile Mzee alijazwa mara mia na kitu, na hakutumwa hata mara moja.

"Nitume basi, maadamu niko humo."

"Wewe ni wa majaribio. Tulia."

Jumatano kibarua alianza kazi dukani. Dakika nne mtu mmoja. Wazee walitoka wakitazamana. Chapa alikuja kusimama nyuma ya kiti, mikono mfukoni.

"Mama, hii kitu haitatuletea balaa?"

"Balaa ni ile mashine yako ya mwaka juzi."

Kufika jioni alikuwa ametuma wazee kumi na mmoja. Kila mara alitazama juu ya ukurasa, akaliona jina la mtu aliyekaa mbele yake, lililoshikwa na kibarua wa nje, akabonyeza kutuma. Fomu yenyewe ilikuwa chini, lazima uteremke kuiona yote. Hakuteremka.

Alhamisi asubuhi Mzee Kitasa aliiwasha simu yake iliyozimika tangu Jumanne, ikalia mezani. Ikalia tena. Ikaendelea kulia, chai inapoa. Alipoona hainyamazi akampelekea mkewe, aliyekuwa anachana nywele.

"Leo kuna mtu ananipenda. Tazama."

Mama Fomu akasoma. Ujumbe wa kwanza ulimwita Mzee kwa majina yake matatu, ukasema ombi lake limepokelewa. Wa pili vile vile. Akateremka mpaka mwisho, akahesabu kwa midomo, kisha akakaa kitandani. Mzee hakumbuki mara nyingine aliyomwona amekaa asubuhi.

"Kumi na moja," alisema. "Wote kumi na mmoja nimewatuma wakiwa wewe."

"Hata Bibi wa Ghorofani?" Mzee aliuliza, akimtaja jirani yao wa miaka ishirini.

"Hata yeye. Mwanamume, fundi kufuli."

"Atafurahi. Siku zote anasema angeweza kazi hii."

Mama Fomu alicheka, lakini kicheko kifupi. Alielewa papo hapo lilikotokea kosa. Kibarua wa chumba cha ndani aliamka mapema mno, mwenzake wa nje hajampa kitu. Mkono mtupu, na kazi imefika. Akajaza kile alichokariri wikiendi nzima, yaani mume wa mwenye kibarua.

Walikwenda wote wawili ofisi ya usajili, basi mbili. Mama Fomu hakumsingizia mtu. Alimwambia karani wa dirishani, binti mwenye kalamu tatu nyweleni, "Mwanangu, nimekosa mimi," akaeleza mwanzo mpaka mwisho. Karani alisikiliza akiuma kalamu ya nne.

"Mama, ninaweza kuyafuta maombi haya. Lakini mwenye nambari ndiye anayetia sahihi. Sahihi moja kwa kila ombi." Akamtazama Mzee. "Na nambari ikishafutwa, mfumo unaishikilia saa ishirini na nne. Baba hataweza kujiandikisha mpaka kesho wakati kama huu."

Saa ya ukutani ilikuwa imepita saa nane. Usajili ulifungwa kesho yake saa kumi.

"Na wale wengine kumi na mmoja?" Mzee aliuliza.

"Hao wako huru hata sasa hivi. Ni wewe tu, Baba."

"Lete karatasi."

Wakasubiri kwenye benchi zichapwe. Mama Fomu alikuwa anasema peke yake, vidole vinapiga mapajani. Nimwamshe lini huyu wa ndani. Nikimchelewesha sekunde mbili, siku mtandao ukiwa mzito hazitoshi. Nikimpa ishirini, wazee watalala kwenye viti.

Mzee Kitasa akasema, "Kufuli ya ngazi mbili."

"Imefanya nini?"

"Ukizungusha ya nje, ya ndani bado haijakaa. Anayejifunza huvunja ufunguo hapo. Yeye huhesabu sekunde. Mimi sihesabu, nangoja mlio."

"Na mlio usipokuja?"

"Nashusha mikono."

Mama Fomu aligeuka akamkazia macho. "Rudia."

"Nimeshasema."

Akatoa kalamu, akaandika nyuma ya tikiti ya basi. Wa ndani abishe hodi kwanza, aseme niko tayari. Wa nje amjibu kwa kumpa karatasi. Karatasi isipofika, asiguse kitu, ashushe mikono. Tikiti ilikuwa ndogo, akamalizia kwenye kiganja.

Karatasi zikaja. Mzee aliziandika moja moja, pua karibu na meza, jicho la kulia mbele. Jina lake alilichora kama anavyochonga meno ya ufunguo, anarudia pale alipoona halijakaa. Nyuma yake watu walianza kukohoa. Ya saba akapumzika, akakunja na kukunjua vidole.

"Pole, Baba," karani alisema. "Umeshawahi kuandika hivi?"

"Nimeoa mwanamke mwenye kazi nyingi."

Sahihi ya mwisho ilipigwa muhuri saa tisa na robo.

Jioni ile Mama Fomu alimfundisha kibarua adabu mpya. Hakumjaribu kwa kumtazama juu juu. Aliteremka mpaka chini kila mara. Akauchelewesha mtandao kwa makusudi, akauzima katikati, akauwasha. Kibarua wa ndani akakaa na mikono chini mpaka alipopewa.

Ijumaa duka la Chapa lilijaa tangu linafunguliwa. Wale kumi na mmoja walikwisha pata habari, nao hawakuwa watu wa kuiachia. Bibi wa Ghorofani aliingia na fimbo yake akamkabili Mzee Kitasa mlangoni.

"Wewe mwenzangu, kufuli ya jikoni kwangu imekwama. Nimetaka kuifungua mwenyewe jana nikiwa wewe, nimeshindwa."

"Ulisikiliza?"

"Mimi na masikio haya?"

"Basi hukuwa mimi."

Mama Fomu alianza na hao kumi na mmoja. Kisha waliosalia. Hakutaka kusimama kula. Kila mmoja, kabla hajabonyeza, aliteremka mpaka chini ya fomu na kumsomea mwenyewe kwa sauti, na mwenyewe akajibu ndiyo, ni mimi. Duka zima likaingia mchezoni. Mtu akijibu ndiyo ni mimi, wengine wanauliza, una hakika? Mzee mmoja akasema hana hakika, lakini amezoea.

Saa tisa na robo nambari ya Mzee ikawa huru. Mbele yake walikuwa bado wanne.

"Njoo ukae," Mama Fomu alisema.

"Malizia hao."

"Mzee, tunachezea jicho."

"Wametangulia."

Walimfahamu, hakuna aliyebishana naye zaidi ya pale. Wanne wakaenda mmoja mmoja. Mtandao ulikuwa unalegea, nchi nzima nadhani ilikuwa kwenye ukurasa ule ule. Wa nne aliondoka saa kumi kasoro dakika kumi na mbili. Mzee akaketi kwenye kiti cha wateja. Hakuwahi kukikalia.

Chumba cha nje kikafunguka. Cha pili kikachelewa, kikafunguka. Cha tatu kikawa cheupe, hakina kitu.

Dakika moja. Mbili. Chapa alikuwa anatoka jasho. "Jaza kwa mkono, Mama. Anza upya. Bonyeza chochote."

Mama Fomu akaitoa mikono yake kwenye vitufe. Akaiweka mapajani, kiganja juu ya kiganja. Vidole vile, ambavyo miaka thelathini na kitu havikujua kutulia, vikatulia. Mzee hakuona kitu kwenye kioo, aliona weupe tu, ambao kwake ulikuwa kila mahali. Alisikia mashine inavuma, na pumzi ya mkewe.

Saa kumi kasoro dakika nne visanduku vikajaa vyote kwa mpigo.

Akateremka mpaka chini. Akasoma kwa sauti majina matatu, tarehe, tarakimu zote.

"Ni wewe?"

"Ndiyo. Ni mimi."

"Una hakika?" duka zima likauliza.

Akabonyeza. Simu ikalia mfukoni mwa Mzee, mara moja tu. Bibi wa Ghorofani akagonga fimbo sakafuni, na Chapa akatangaza kwamba leo nakala ni bure, kisha akakumbuka mashine nzima ni moja, akasema mwisho watu watano.

Kadi ilifika mwezi wa pili. Jicho lilisafishwa wa tatu. Walipolifungua bandeji, kitu cha kwanza alichokiona Mzee Kitasa ni mkewe amevaa sweta ndani nje. Akamwambia. Akaambiwa anyamaze, ameamka usiku kumsubiri. Tangu hapo hadi ile asubuhi ya miwani alimtazama mwaka mmoja na miezi kadhaa, na hakuna siku aliyokosa cha kutazama.

Kibarua yupo hadi leo. Kwenye meza ya dirishani anakaa binti wa dada yake Chapa, na kabla ya kuanza kazi kila Jumatatu anamjaribu. Visanduku vinajaa jina la Mzee Kitasa, anateremka mpaka chini, anafuta. Mzee akipita pale na mfuko wake wa tupa, binti humwambia, "Babu, leo nimekujaza tena." Naye husema, "Asante," akaenda zake. Kile kitasa cha nyumbani ameshakitengeneza. Ilimchukua robo saa.

Ijumaa ile ya kadi walirudi kwa miguu, jua bado lipo. Mama Fomu alikuwa amechoka, amemshika mumewe mkono, ingawa kwa macho ya siku zile ilikuwa kila mmoja anamwongoza mwenzake. Mzee Kitasa alikuwa na swali tangu Alhamisi. Hakuwa mwepesi wa maswali, alilibeba mpaka kona ya mwisho kabla ya kwao.

"Mama. Siku ile ya kumjaribu huyo kibarua. Watu wote hawa mjini, na wewe mwenyewe upo. Kwa nini uliandika taarifa zangu mimi?"

Alimjibu bila kupunguza mwendo.

"Kwa sababu zako ndizo ninazozijua bila kutazama mahali."